Meza ya Watu Wanane

Meza ilikuwa ya Warda, ila aliyeichagua ni dada yake, Mwamini. Warda alipiga simu kutoka Dar es Salaam asubuhi moja, Mwamini akiwa shambani anapalilia mihogo, akamwambia nyumba imekwisha, rangi imekauka, vioo vimewekwa, kilichobaki ni meza ya nje.

"Ya nje kivipi?" Mwamini aliuliza, simu kaibana kati ya sikio na bega.

"Ya kulia chakula, dada. Pale barazani kwa nyuma, penye upepo. Nikija na wageni tule nje tukiangalia minazi. Hebu nitafutie hapo Kibiti. Mbao nzuri si ziko huko huko kwenu? Huku ukiuliza bei unatamani ukae chini."

Huko kwenu. Mwamini aliisikia kauli hiyo, akaiacha ipite. Mtu akikaa mjini miaka mingi hata ulimi hupotea njia.

Nyumba yenyewe ilisimama mbele ya nyumba ya Mwamini, kwenye kiwanja kimoja walichoachiwa na mama yao, nje kidogo ya mji wa Kibiti, upande wa kuendea Ruaruke. Warda na mumewe Haidari walipotaka kujenga, Mwamini na mumewe Mustapha walikata mikorosho iliyokuwa ikiwaingizia kitu kila msimu, wakahamisha jiko lao nyuma, na Mwamini akatia dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba sehemu ya mbele ni ya mdogo wake. Hakuna aliyemlazimisha. Warda alikuwa wa tumbo moja naye, na tangu mama yao alipofariki, mtoto bado hajang'oa hata meno ya utotoni, mwenye kumwogesha na kumsuka alikuwa Mwamini. Akamsomesha kwa mihogo ya kuchemsha aliyoiuza stendi, mpaka mtoto akatoka, akapata kazi ya ofisini, akaolewa na mtu mwenye gari.

Jumamosi yake wakaenda yeye na Mustapha kwa fundi Zaidi, seremala mwenye karakana kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Kila lori likipita, unga wa mbao uliinuka chini ukawakalia kichwani. Zaidi aliwaonyesha kwanza meza ya mninga, imepigwa vanishi mpaka mtu anajiona uso.

"Hii itakaa nje?" Mwamini aliuliza.

"Itakaa, mama."

"Na masika?"

Zaidi alijikuna shingo. "Masika mtakuwa mnaiingiza ndani."

"Mimi na nani? Mume wangu mguu huo unauona."

Mustapha, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa haukunjiki sawasawa tangu alipoanguka mnazini, aligonga ubao mwingine wa rangi nyeupe uliokuwa umeegemezwa ukutani. "Hizi za Iringa je? Si ndizo rahisi?"

"Rahisi, mzee wangu, ila mchwa watamaliza kula kabla ya wageni." Zaidi akavuta turubai nyuma ya karakana, akawaonyesha mbao nyekundu zilizolala juu ya matofali. "Kama ni ya nje, kaeni na mkongo. Mzito, mgumu, unavunja meno ya msumeno. Huu usiupige vanishi, jua litaibambua kama ngozi ya nyoka. Unaulisha mafuta tu. Ukiulisha, meza hii itakuzika wewe itanizika na mimi. Na juu nitaacha upenyo kati ya ubao na ubao, maji ya mvua yapite yasilale."

Mwamini alipitisha kiganja juu ya ubao. Ulikuwa wa baridi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Ya watu wangapi?" Zaidi aliuliza.

"Mwenyewe kasema sita." Mwamini alianza kuhesabu kwa vidole: Warda, shemeji Haidari, watoto wao wawili, Mustapha, yeye mwenyewe, Johari binti yake. Akasimama kwenye kidole cha saba. "Nafasi sita hazitoshi. Weka wanane."

"Wa nane nani?" Mustapha alishangaa.

"Mkweo."

Mustapha akakohoa, akatazama barabarani. Watu wa Ikwiriri walikuwa wameshaleta maneno ya kumtaka Johari kwa kijana wao Badru, na jambo hilo lilikuwa bado linamtia haya kulitaja mbele za watu.

Mwamini akampigia mdogo wake palepale. "Nimesema iwe ya wanane, mdogo wangu. Ya sita tutabanana bure."

"Fanya unavyoona, dada," Warda alijibu. Nyuma yake palikuwa na watu wanacheka.

Meza ililetwa kwa kirikuu, kigari cha mizigo, ikashushwa na wanaume wanne wakitweta. Majirani walikuja kuitazama. Mwanaamina, jirani wa tangu na tangu, aliipapasa kama anapapasa ng'ombe wa kununua. "Mwamini, mwenzetu sasa utakuwa unakula umeketi kwenye kiti. Ukishuka usitukanyage."

Mwamini alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Alikuwa na furaha siku ile, hakuificha.

Wiki iliyofuata Warda alikuja na kopo la mafuta ya mbao, brashi, na maelekezo. Alisimama barazani na miwani ya jua kichwani, akasema huku akionyesha kwa kidole. Isuguliwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ianikwe, ikishakauka kabisa ndipo ipakwe mafuta, kitambaa kifuate mshipa wa mbao. Isifunikwe turubai ikiwa mbichi, itaota ukungu. Miguu ikae juu ya vigae isinyonye maji ya chini. Kuku wasiparamie. Na chombo cha moto kisiwekwe juu yake hivi hivi.

"Na ninyi, dada, mkitaka kupumzika, ile baraza ya upande wa jikoni ipo," alimalizia. "Hii tuiache kwa ajili ya wageni. Si unaelewa?"

"Naelewa," Mwamini alisema.

Akaishika kazi ile. Kila Jumatatu alisugua, akaanika, akapaka. Warda alimtumia simu ya kupangusa, ya kuonana kwa picha, na pesa ya sabuni kila alipokumbuka. Mustapha alikuwa akikaa mlangoni kwake anamtazama mkewe amepiga magoti chini ya meza na kitambaa mkononi. "Meza inapakwa mafuta," alimwambia Johari kwa sauti ya kusikika, "mimi goti langu linalia kama bawaba ya mlango hakuna hata wa kuliangalia."

Mvua za masika zilipoanza, paa la nyumba yao ya udongo lilivuja juu ya kitanda, juu ya mkeka, juu ya moto. Asubuhi moja walikosa hata pembe kavu ya kukaa. Mustapha akachukua birika la chai, akavuka ua kwa kuchechemea, akaketi kwenye meza ya mkongo, chini ya paa zuri la mdogo mtu. Mwamini alimfuata. Walikunywa chai yao pale, mvua inapiga bati, na Mustapha akasema hakujua kwamba kiwanja chao kinapendeza hivi ukikitazama kutoka upande ule.

Birika liliacha duara jeupe.

Warda aliliona kwenye simu. Alikuwa na desturi ya kupiga simu ya picha na kumwambia Johari azungushe kamera taratibu, ukutani, sakafuni, mezani. "Rudi nyuma. Hapo hapo. Hiyo alama ni nini?"

Johari alimtazama mama yake. Mwamini akaichukua simu. "Shemeji yako aliweka birika. Kwetu kulikuwa kunavuja."

"Dada, tulikubaliana."

"Kulikuwa kunavuja, Warda."

"Nimesikia, poleni. Lakini tulikubaliana."

Mustapha alikuwa hatua chache kutoka pale, akayasikia yote. Tangu siku ile hakukanyaga tena baraza ile, hata mvua ilipomkuta katikati ya ua. Mwamini alichukua msasa akalisugua lile duara asubuhi nzima, akapaka mafuta, akasugua, akapaka, mpaka vifundo vya vidole vikachubuka na meza ikawa kama ilivyotoka kwa Zaidi.

Mwezi wa saba Warda alisema anakuja na watu. "Wageni wazito, dada. Kazini kwa Haidari. Unitoe kimasomaso."

Mwamini alijifunga kibwebwe. Mustapha alitumwa kwa bodaboda mpaka Nyamisati kufuata kamba wabichi. Mchele ulikuwa wa bondeni, wa msimu mpya, unanukia kabla haujaiva. Johari alikuna nazi tangu alfajiri. Pakawa na samaki wa kupaka, kuku, mchicha wa nazi, maembe yaliyokatwa. Adhuhuri ilipofika, Mwamini alioga, akavaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na Johari akamfunga kilemba mara mbili kwa sababu cha kwanza kilikaa upande.

Warda alipita jikoni mara moja tu, akanusa, akamkumbatia kwa mkono mmoja. "Mashaallah, dada yangu," akasema, akatoka haraka kuwapokea wenzake waliokuwa wakishuka kwenye magari.

Kutoka mlango wa jikoni Mwamini aliwahesabu wakikaa. Warda, Haidari, wake wawili na waume zao, na mama mmoja mnene mwenye miwani ambaye kila mtu alimsogezea kitu. Saba. Kiti cha mwisho, cha upande wa jikoni, kilikuwa kitupu. Warda hakuwaleta watoto, na Mwamini aliona kwamba kiti kile kimeachwa kwa ajili yake.

"Nenda mama," Johari alinong'ona. "Mimi nitaleta vilivyobaki."

Mwamini alibeba bakuli la kachumbari, akaliweka mezani, akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti kile.

"Asante sana, dada," akasema yule mama mwenye miwani. Akautoa mkoba wake mapajani, akaukalisha juu ya kiti. "Nilikuwa nawaza niuweke wapi."

Mwamini alibaki na mkono kwenye mgongo wa kiti. Alimtazama Warda. Warda alikuwa ameinamia bakuli la kamba, anachagua.

"Huyu dada umempata wapi, Warda?" yule mama aliuliza, akitafuna. "Wangu mimi hata chai inamshinda."

"Ni dada yetu wa hapa," Warda alisema. "Tuko naye siku nyingi."

Neno lenyewe halikuwa la uongo, na ndiyo maana lilimchoma. Mjini dada ni yule aliyezaliwa kabla yako, na dada ni yule anayekufulia nguo. Warda alilitupa neno hilo mezani akawaacha wenzake waliokote upande wautakao. Nao waliokota.

"Angalia nisikuibie," mama mwenye miwani alisema.

"Haibiki huyo," Haidari akadakia, na meza nzima ikacheka. Haidari huyu, siku ya ndoa yake, alimshika Mwamini mkono kwa mikono yake miwili akamwita mama mkwe.

"Dada, naomba maji ya kunawa," mmoja wa wanaume alisema.

Mwamini akaenda akaleta birika na beseni. Alizunguka meza, akawamiminia mmoja mmoja kama desturi, mgeni wa heshima kwanza. Alipofika kwa Warda alimmiminia na yeye. Warda alinawa upesi, bila sabuni, macho kwenye beseni.

Kati ya chakula Haidari aliinuka mwenyewe kwenda kuongeza wali, akarudi na sufuria likiwa bado linafuka, akalitua juu ya mbao tupu. Mwamini, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijikuta ameshatoka hatua mbili na kipande cha gunia mkononi.

"Acha tu," Warda akamwambia, akatabasamu kwa ajili ya wageni. "Ni mbao tu hiyo."

Alasiri wageni walipokwenda kutembea upande wa minazi, Warda aliingia jikoni. Johari alimwona, akachukua ndoo tupu, akatoka bila kumsalimia. Mwamini alikuwa anasugua masufuria na hakugeuka.

"Dada, mmewashangaza. Wote wanasifia."

"Yule mama ni nani?"

"Bosi wake Haidari. Mambo yetu yote yako mkononi mwake, uhamisho, kila kitu."

"Anajua kwenu ni wapi?"

Warda alivuta kigoda akataka kukaa, akaona kina masizi, akasimama. "Usinielewe vibaya. Kule kazini kwa Haidari tangu mwanzo waliamini kwamba nimekulia Upanga, mtaa wa wenye nazo, kwa mama mkubwa. Sikusema mimi. Walidhania wenyewe, nikaacha. Ni miaka sasa, dada. Leo, mbele ya watu wale, ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia jina langu."

Warda alifungua pochi. Alitoa noti kadhaa, akaziweka juu ya kinu. "Hii ya maandalizi ya Johari. Najua wageni wa Ikwiriri wako karibu."

"Toa hapo," Mwamini alisema. "Kinu hicho natwangia chakula."

Warda akaziokota, akabaki nazo mkononi kama mtu aliyepewa kitu cha kushika na mwenyewe akaondoka. Nje wageni walikuwa wanarudi, wanamwita. Akaenda.

Jioni ile, magari yalipokwisha kuondoka, Mwamini alimwambia mumewe kwamba anarudisha funguo za nyumba ya Warda.

"Rudisha," Mustapha alisema mara moja. Akaendelea kubangua korosho, moja, nyingine. Baadaye akasema bila kumtazama, "Ila ujue ile pesa ya sabuni ndiyo inayotuvusha. Korosho za mwaka huu unaziona. Wale wageni wakija na mahari watakula nini?"

"Kwa hiyo niendelee kumpakia mafuta meza yake?"

"Sijasema hivyo. Nasema mguu huu haupandi mnazi tena. Hilo tu."

"Siku ya birika ulinuna mwezi mzima. Leo nimenawisha watu mikono kama mtumwa, wewe unaniambia sabuni."

"Nilinuna," Mustapha alikubali. "Kununa kwangu kulileta nini humu ndani?"

Mwamini alimkasirikia kuliko alivyomkasirikia Warda, kwa kuwa alisema kweli. Alilala ameugeukia ukuta. Siku zilizofuata alifagia baraza kama kawaida, akasugua alama ya sufuria, kubwa kuliko ile ya birika na nyeusi katikati, huku akili yake ikienda na kurudi. Mwisho wake alimwambia Johari ampigie mamdogo.

"Warda, nataka tupatane mshahara."

"Mshahara wa nini tena, dada?"

"Wa kazi. Kulinda, kufagia, kupaka meza, kupika mkija na watu. Kila mwisho wa mwezi, isiwe ukikumbuka. Huko mjini mnawalipa wenzangu kiasi gani? Mimi nilipe hicho hicho."

Alikuwa amejiandaa. Alijua Warda atalia, atasema dada, mimi na wewe wa kulipana mshahara, mama angetuonaje? Naye alikuwa na jibu la maneno hayo, ameligeuza mdomoni siku tatu, na nyuma ya jibu alikuwa na msamaha, umekaa tayari, unasubiri tu mtu auombe.

Akamsikia Warda anashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Tena afadhali, dada. Hata Haidari alikuwa anasema hivyo hivyo. Ikijulikana moja inakuwa rahisi kwa wote. Nitatuma kila tarehe thelathini."

Mwamini akashika mhimili wa mlango. "Sawa, bosi," alisema.

Warda alicheka. Alidhani ni utani.

Pesa ilikuja tarehe iliyosemwa, na mwezi uliofuata vilevile. Ikanunua bati mbili za kuziba panapovuja, mchele na mbuzi mdogo wa shughuli. Hakuna aliyeisifia pesa ile mle ndani. Johari alikula wali ule kimyakimya, na mara moja alimuuliza mama yake kama mamdogo amealikwa siku ya mahari.

"Nimemwambia tarehe," Mwamini alijibu.

Watu wa Ikwiriri walifika Jumapili baada ya adhuhuri, wanaume mbele na mkoba wa mahari, wanawake nyuma na vigelegele. Wanaume walikaa kivulini kwa Mustapha. Wanawake walitandikiwa mikeka uani, mingine ya kuazima.

"Mbona wakwe hamuwakalishi kwenye ile meza?" Mwanaamina alinong'ona.

"Si yangu," Mwamini alisema.

Bi Maimuna, mama yake Badru, alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye kucheka kwa mwili mzima. Alitaka ajulishwe kila mtu wa upande wa binti, ajue anaungana na nani. Mwamini akaanza kuwataja: huyu wifi yangu, shangazi yake Johari, huyu Mwanaamina, jirani, tumekua pamoja. Hapo ndipo gari likasikika mbele ya nyumba ya Warda, na Warda akatokea peke yake, amejitanda kanga kama wenziwe, amebeba sanduku la nguo kwa ajili ya Johari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia njiani kisha akajifuta. Alivua viatu, akatoa shikamoo kwa wakubwa, akapiga magoti kwenye ncha ya mkeka, akasubiri.

"Na huyu?" Bi Maimuna aliuliza, anamtabasamia.

Majirani walikuwa wanamjua Warda tangu anakimbia uchi kwenye mvua. Walimwachia Mwamini ajibu.

"Huyu ni bosi wangu," Mwamini alisema. "Ndiye mwenye nyumba ile ya mbele. Namfanyia kazi."

"Astaghfirullah!" Bi Maimuna aliinuka nusu. "Bosi wa watu amekaa chini na sisi tunamtazama? Leteni kiti jamani!"

Warda aligeuka kwa Mwanaamina. Mwanaamina alikuwa anatengeneza ushungi wake. Akamtazama yule wifi, na wifi alikuwa na mtoto wa mtu wa kumfuta kamasi. Kiti kikaletwa kwa mbio, kiti pekee cha nyumba ile, kikapanguswa kwa pindo la kanga, na Bi Maimuna mwenyewe akamshika Warda mkono akamkalisha. Akawa juu, peke yake, mikono juu ya magoti, vichwa vyote vikiwa chini yake.

Chakula kilipoletwa wanawake walikusanyika kwenye masinia, mikono inakutana, wanasukumiana minofu. Mwamini alimletea Warda sahani yake na kijiko, paja zima la kuku juu.

"Dada," Warda alisema kwa chini.

"Abee, bosi."

Warda alishika kijiko.

Baada ya kula Bi Maimuna alifungua mzigo wa zawadi, akaziita moja moja kwa majina. Ya bibi, ya shangazi, ya mama mzazi. Akainua doti ya kanga nyekundu, bado ina harufu ya dukani. "Na hii ni ya mama mdogo wa binti. Nani mama mdogo?"

Nyuma ya pazia la mlango Johari alisikika akivuta pumzi. Warda alikuwa ameshaweka sahani pembeni, na magoti yake yalikuwa yamesogea mbele, kama mtu anayetaka kuinuka.

"Mpe Mwanaamina," Mwamini alisema.

Mwanaamina aliipokea kanga ile macho chini, na wageni wakapiga vigelegele kwa nguvu zao zote, maana hawakujua. Vilipotulia, kiti kilikuwa kitupu. Kwa mbele gari liliwashwa, likarudi nyuma, likaondoka.

Jioni, mikeka ya watu ilipokwisha kurudishwa, Johari alikuja amevimba macho, sanduku mikononi. "Mama, hizi alizoleta mamdogo niziweke wapi?"

"Kaweke nyumbani kwake."

"Zina jina langu, mama. Kazidarizi jina langu."

Mwamini alikuwa anachambua wali uliobaki, wa kwenda kwa majirani na wa kutupwa, na mikono yake ilikuwa inachanganya.

"Umeridhika?" Mustapha alimuuliza, kwa upole.

"Mahari imefika," Mwamini alisema. Alikuwa ameitazamia siku ile kama mwenye kiu anavyotazamia kisima, na sasa amekwisha kunywa, koo likawa kavu vilevile.

Tarehe thelathini pesa iliingia kama kawaida. Nyuma yake ukaja ujumbe. Mwamini alimpa Johari asome.

"Asante kwa huduma yako," Johari alisoma, polepole. "Kuanzia mwezi ujao tumepata kijana wa kukaa pale. Pia tutazungushia ukuta. Funguo mwachie mwenyekiti."

"Rudia."

Johari akarudia. Maneno yalikuwa yale yale, na salamu haikuwepo mwanzoni wala mwishoni.

Mwamini akafungua fundo la kanga, akatoa funguo, akampa Mustapha azipeleke, maana yeye kwa mwenyekiti hakutaka kuonwa. Mustapha alichukua fimbo yake akaondoka. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameshika, meusi mpaka chini, na upepo ulianza kuyageuza majani ya mihogo. Kijana mpya alikuwa hajafika. Mwamini aliinuka, akavuka ua, akaipapasa meza kwa kiganja kujua kama ni kavu, akaifunika turubai, akafunga kamba pembe zote nne.